Hatua Tano za Ukumbini: Safari ya Mchikichini

Jina la Kariakoo mnalijua hata ninyi ambao hamjafika Dar es Salaam. Sabuni, ndala, madaftari na betri za redio zilizo katika duka la kijiji chenu huenda zilipita huko kabla ya kupanda basi. Lakini magharibi ya Kariakoo pana mtaa usiotajwa sana, nao ndio tutakaoutembelea leo. Unaitwa Mchikichini. Watu wa Kigoma hawana haja ya kuelezwa maana ya jina hilo, kwa sababu mchikichi ndio mti wa mawese. Ila mtu wa Kigoma akienda kuutafuta mti wenyewe katika mtaa huu, atakutana zaidi na nguzo za umeme.

Njia si ngumu. Ukishuka Mnazi Mmoja shika Barabara ya Uhuru, ambayo wazee wa mji waliijua kwa jina la Kichwele. Utapita maduka ya khanga na vitenge, utavuka Mtaa wa Msimbazi yanakopita mabasi ya mwendokasi tangu 2016, na ukizidi kwenda utauona Uwanja wa Karume, palipo makao ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania. Karibu na hapo ndipo penye soko kubwa la mitumba. Wengine huliita soko la Karume, wengine soko la Mchikichini. Ni lile lile. Upande wa kaskazini ardhi yateremka mpaka bonde la mto Msimbazi, mto unaoanzia vilima vya Kisarawe na kuingia baharini penye daraja la Selander.

Watu wengi huja huku kwa ajili ya suruali na viatu. Mimi safari hii nalikuja kutazama milango ya nyumba, na hasa zile hatua tano za kwanza mtu anazopiga akiisha kuvuka kizingiti. Labda msomaji atacheka: mtu hasafiri mwendo mrefu kwenda kutazama mahali watu wanapovua viatu! Lakini nyumba ndogo hushindwa mlangoni kabla ya kushindwa chumbani. Kitu kikikosa mahali mlangoni huingia ndani na mchanga wake, au hulala njiani mpaka mtu ajikwae. Na hakuna mahali panapolionyesha jambo hili waziwazi kama nyumba za Mchikichini.

Maneno machache kwanza juu ya mitaa hii. Kariakoo imepewa jina na vita. Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, wakaweka hapo kambi ya wapagazi wao, Carrier Corps, yaani wale Waafrika waliobebeshwa risasi na vyakula vya askari, ambao maelfu kwa maelfu walikufa njiani kwa maradhi na uchovu. Ulimi wa Kiswahili uliligeuza jina hilo likawa Kariakoo. Vita vilipokwisha watu walijenga nyumba zao katika viwanja vilivyopimwa kwa mistari iliyonyoka, na mji ukaendelea kukua kuelekea Ilala. Mitaa iliyopata jina kwa wabeba mizigo, mpaka leo shida yake ni mahali pa kuutua mzigo.

Nyumba za zamani za huku, zile ambazo bado hazijabomolewa kupisha ghorofa, zafanana kama ndugu. Mbele pana baraza la kukalia jioni. Mlango uko katikati. Ukiingia wakuta ukumbi mrefu mwembamba, wenyewe sasa husema korido, unaokwenda moja kwa moja mpaka mlango wa uani. Kulia vyumba vitatu, kushoto vitatu. Uani ndiko kwenye choo, bafu, mahali pa kupikia na kamba za kuanikia nguo. Hii ndiyo nyumba ya Kiswahili, nayo imeenea katika miji mingi ya nchi yetu. Zamani mwenye nyumba aliishi na watu wake katika vyumba hivyo vyote. Leo mara nyingi kila chumba kina wapangaji wake, na chumba kimoja ni nyumba nzima: kitanda, kabati, meza, vyombo na watoto.

Sasa tupige hesabu ndogo. Vyumba sita, kila chumba watu watano, kila mtu jozi mbili za viatu. Hizo ni jozi 60, na mlango ni mmoja. Ongeza ndoo na madumu ya maji, miamvuli ya masika, mikoba ya shule, baiskeli, gunia la mkaa la mama anayeuza kwa makopo, na pikipiki ya kijana wa bodaboda. Ukumbi ni wa wote, kwa hiyo si wa mtu. Kila mmoja huweka chake kwa kuwa jirani ameweka chake, na hapana mwenye haki ya kumwambia mwenziwe aondoe.

Katika nyumba moja nalikaribishwa na bibi mjane, mwenye nyumba, mzaliwa wa mtaa huu. Ameomba jina lake lisiandikwe, nasi tutamwita Bibi tu, kama wanavyomwita wapangaji wake. Nilipiga hodi, nikamwamkia.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Vua viatu, uweke cha tatu.”

Sikufahamu cha tatu ni kipi mpaka aliponyoosha kidole. Ukutani upande wa kulia, nyuma kidogo ya mlango, palikuwa na kichanja cha mbao, nacho kina madaraja sita. Daraja la tatu kutoka chini halina alama yoyote. Hilo ni la wageni. Madaraja mengine yamepakwa rangi kidogo kwenye ncha, na kila chumba kina rangi yake. Vyumba vya wapangaji ni vitano, cha sita anakaa Bibi mwenyewe, naye viatu vyake viwili huviweka chini ya kitanda ili daraja moja libaki kwa wageni. Ghali hiyo, lakini alinijibu kwamba nyumba isiyo na mahali pa kiatu cha mgeni haijamkaribisha mgeni.

Nilikiangalia kichanja hicho kwa muda mrefu, maana kimetengenezwa kwa akili. Kwanza, ni chembamba. Hakitokezi ukutani zaidi ya shubiri moja na nusu, kwa sababu viatu havilali. Vimesimama kwa mshazari, kisigino juu na ncha chini, kama vile vinavyopangwa na wauza viatu sokoni. Pili, kila daraja ni fito za mbao zilizoachana upana wa kidole, basi mchanga hauwezi kukaa. Huanguka chini, na chini pana kipande cha bati kilichokunjwa kingo. Kila asubuhi mwenye zamu hukivuta na kwenda kumwaga mchanga nje. Tatu, kichanja hakigusi sakafu. Kimeshikizwa ukutani, ufagio wapita chini yake bila kuhamisha kitu.

Juu ya kichanja, usawa wa kifua cha mtu mzima, pana ubao wenye vigingi vya kutundikia: miamvuli, kofia za pikipiki, mikoba. Ubao mwingine kama huo uko chini zaidi, usawa wa mtoto wa darasa la kwanza. Bibi alisema aliuongeza baadaye, alipoona watoto wanatupa mikoba sakafuni kwa sababu hawafiki juu. Mtoto hawezi kuwa na adabu ya kutundika, alisema, ukimwekea kigingi cha jitu.

Na ukuta wa kushoto? Ukuta wa kushoto hauna hata msumari mmoja. Nilidhani umebaki kwa kukosa mbao, nikauliza. Bibi alikaa kimya kidogo, kisha akanieleza.

Miaka iliyopita mumewe alizidiwa usiku. Chumba chao ni cha mwisho, karibu na uani, na motokaa ya kumpeleka hospitali ilikuwa imekuja mbele, barabarani. Umeme ulikuwa umekatika. Vijana wanne wa nyumba walimbeba juu ya godoro, lakini ukumbini mlikuwa na baiskeli mbili, magunia ya mkaa, ndoo zenye maji na kabati bovu ambalo mpangaji mmoja alikuwa anasubiri fundi. Ikabidi wamtue mara mbili. Mtu mmoja aliteleza kwenye ndala. Walipofika barazani mgonjwa alikuwa haongei tena.

“Sisemi kwamba ukumbi ndio uliomwua,” alisema Bibi. “Siku yake ilikuwa imefika. Lakini mimi niliposhika taa nikitembea nyuma yao, nilikuwa nasema moyoni, hii ni nyumba yangu, na mume wangu hawezi kutoka ndani yake.”

Baada ya matanga aliwaita wapangaji wote barazani. Kwanza kila mtu alikubali. Neno gumu lilikuja pale kila mmoja alipoambiwa aondoe chake. Kijana wa bodaboda alisema pikipiki ikilala nje itaibiwa, na ni kweli, ingeibiwa. Mama wa mkaa alisema mkaa ukilala uani utanyeshewa. Mpangaji wa kabati bovu alisema yeye analipa kodi kama wengine. Jambo hilo lilichukua jioni tatu.

Mwisho wake ulikuwa hivi. Pikipiki hupita ukumbini lakini hailali humo. Husukumwa mpaka uani injini ikiwa imezimwa, na alfajiri hutoka vivyo hivyo, isiwaamshe watu wala kujaza moshi. Mkaa ulijengewa kibanda cha bati uani, mabati yakitoka kwa Bibi na kazi ikitoka kwa mume wa mama wa mkaa. Kila chumba kinaweka maji yake ndani ya chumba au uani, si njiani. Kabati lilikatwa likawa mbao za kichanja, na mwenye kabati akapewa daraja la usawa mzuri kuliko yote, lile la kiunoni, asikolazimika kuinama. Mpangaji mmoja ni seremala, hufanya kazi Keko kule yanakotengenezwa makochi na vitanda, naye ndiye aliyepiga randa na misumari. Wengine walichanga fedha za rangi na skrubu.

Sheria iliyobaki ni moja. Kitu kinachokutwa sakafuni baada ya saa tatu usiku ni mali ya Bibi mpaka kesho yake. Mwenyewe atakwenda kukiomba kwa heshima mbele ya watu. Nimeambiwa kwamba mzee mmoja wa makamo aliwahi kuomba ndala zake kwa namna hiyo, na watoto walicheka wiki nzima.

Msije mkadhani Bibi ni mwoga kupita kiasi. Watu wa Mchikichini wanajua maana ya kutoka nyumbani kwa haraka. Mwezi wa Desemba 2011 mvua kubwa, iliyosemwa kwamba haikuonekana ya kiasi hicho tangu 1954, iliujaza mto Msimbazi. Maji yaliingia katika nyumba za bondeni, watu wapatao 40 walifariki katika mji wa Dar es Salaam, na baadhi ya jamaa waliokuwa wakikaa mabondeni walipelekwa kuanza maisha mapya Mabwepande. Maji yakiingia ndani, ndoo, ndala na magodoro huelea, na kitu kinachoelea gizani ndicho kinachoziba mlango. Kisha kuna moto. Soko kuu la Kariakoo, lile jengo lililobuniwa na mchoraji majengo wetu Beda Amuli na kufunguliwa 1975, liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Miezi sita baadaye, alfajiri ya tarehe 16 Januari 2022, likaungua soko hili la mitumba la Karume, na wachuuzi wengi wakapoteza kila walichokuwa nacho. Ukumbi wenye pikipiki yenye petroli mbele, na jiko la mkaa nyuma, na watu 30 katikati, si mahali pa kulala usingizi.

Basi hapo ndipo nilipofahamu ule ukuta wa kushoto. Watu wengi wakipewa ushauri wa kupanga vitu mlangoni hufikiri habari ya kuongeza: rafu hapa, kabati pale, ndoano kule. Bibi alianza kwa kuamua upande ambao hautawekwa kitu milele. Alipima kwa kitu gani? Kwa mwanamke aliyejitwika ndoo ya lita 20 anayepishana na mtoto. Wakipita wote wawili bila mmoja kugeuka ubavu, njia yatosha.

Kutoka kwa Bibi nilirudi sokoni, nami nikaona kwamba seremala wake hakubuni kila kitu mwenyewe. Wachuuzi wa mitumba ndio walimu wa nafasi ndogo. Mtu ana meza isiyozidi kitanda, juu yake bati au turubai, na belo moja likifunguliwa hutoa nguo za kujaza chumba. Yeye hufanya nini? Huenda juu. Mashati hutundikwa kwenye henga, henga kwenye bomba, bomba kwenye kamba iliyofungwa darini. Viatu husimama kwenye ubao wa mshazari, kisha huonyesha kimoja tu cha kila jozi. Cha pili kimo ndani ya gunia chini ya meza. (Hiyo pia yamkinga na mwizi, maana nani ataiba kiatu kimoja?) Mikanda haikunjwi, huning’inia. Kile kinachotafutwa kila saa kiko usawa wa mkono, kinachotafutwa mara moja kwa juma kiko juu ya kichwa. Hakuna aliyemfundisha darasani. Kila shubiri analipia ushuru, naye hawezi kuiacha ilale bure.

Hapo Kariakoo zinauzwa rafu za viatu za mabomba membamba zenye kitambaa cha kufunika, zinazoingia katika boksi dogo. Ni rahisi na zinapendeza dukani. Mimi sizipendi. Mabomba hushikana kwa plastiki, na mtoto akiegemea mara mbili tatu zinalala upande. Tena kitambaa huzuia hewa, na viatu vilivyoloa huota ukungu humo. Kwa fedha hizo nenda Gerezani, kwa mafundi wa chuma, umwambie fundi akuchomelee fremu ya vyuma vyembamba kwa kipimo cha ukuta wako. Au nunua mbao laini za msonobari, zile zinazoletwa kutoka msitu wa Sao Hill huko Mufindi, na ubao mmoja wa moja kwa sita utakupa fito nyingi ukipasuliwa vizuri. Wengine hupata mbao bure za makreti yaliyokuja na bidhaa za madukani. Angalieni tu misumari iliyobaki ndani yake.

Jambo hili la kuuheshimu mlango si geni katika pwani yetu. Nenda Lamu ukaone nyumba za mawe zilizojengwa zaidi ya miaka 200 iliyopita. Mbele ya mlango pana daka, kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili, na mgeni asiye wa ndani huishia hapo. Ukivuka mlango waingia tekani, kipenu kidogo ambacho njia yake hupinda kabla ya kufika kiwanda, yaani ua wa katikati, ili mpita njia asiyaone ya ndani. Vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba, kwa sababu dari yake hubebwa na boriti za mikoko, na boriti nene na imara haipatikani ndefu. Mafundi walipoona upana hautoshi, waliichonga nafasi ndani ya ukuta wenyewe. Ndizo zile zidaka, vijidirisha visivyotoboka, safu juu ya safu, vya kuwekea sahani za Kichina, taa na vitabu. Ukuta mnene ukawa kabati, na kabati halikula hata hatua moja ya sakafu. Ndivyo pia ilivyo mbali sana, kwa Wajapani: ndani ya mlango wao pana kipande cha sakafu kilicho chini kuliko nyumba, kiatu huachwa hapo, na mtu hupanda ndani na soksi. Hata chumba kidogo cha kupanga cha Tokyo kina kipande hicho.

Sasa tuje kwetu kijijini, maana najua mama mmoja aliyeshika gazeti hili anasema, “Mimi sina ukumbi. Mlango wangu wafungukia sebuleni.” Vema. Tazama nyuma ya mlango wako. Nadhani nitakuwa sahihi nikisema pana majembe matatu yameegemezwa ukutani, panga, fimbo, mwamvuli uliovunjika ubavu mmoja, na labda chupa ya dawa ya kunyunyizia pamba au kahawa. Jumapili asubuhi kengele inalia, na mtu mmoja katika nyumba hiyo anatafuta kiatu cha pili.

Dawa ya mimea itoke leo hii. Isikae mlangoni wala sebuleni wala karibu na unga. Ipate sanduku lake lenye kufuli, nje ya nyumba ya kulala, na isihamishiwe katika chupa ya soda. Panga na mundu vitundikwe juu kuliko mkono wa mtoto mkubwa. Jembe lililoegemezwa siku moja huteleza, na makali yake hutua juu ya mguu wa anayefungua mlango. Njia njema ni vigingi viwili vilivyoachana kidogo kuliko upana wa jembe. Jembe laning’inia kwa kichwa, mpini chini. Yafaa vigingi hivyo viwe nje, chini ya upenu, nyuma ya nyumba, ambako mwizi haoni.

Kuta zetu zina tabia zao. Katika ukuta wa udongo usigongee msumari tu, utalegea baada ya mwezi. Funga ubao wa vigingi kwa kamba ya katani au waya kwenye fito zilizo ndani ya ukuta, au, kama nyumba bado inajengwa, panda vigingi kabla udongo haujakauka. Katika ukuta wa matofali toboa kwanza tundu, gongea humo kipande cha mti mkavu, kisha msumari uingie katika mti huo. Pahali penye mchwa kichanja kisimame mbali na ukuta, na miguu yake iwe ndani ya makopo yenye oili chafu, ile inayobadilishwa katika injini. Hapa mfano wa Bibi wa kukitundika ukutani haufai.

Viatu vya watoto msivifungie kabatini kwa kuogopa vitaisha upesi. Safura huingia mwilini kwa kupenya ngozi ya mguu mtupu unaokanyaga udongo uliochafuliwa na choo, na mtoto mwenye safura hupungukiwa damu na kusinzia darasani. Kiatu kilicho kwenye fito karibu na mlango huvaliwa. Kiatu kilicho chini ya kitanda ndani ya boksi husubiri Krismasi, na Krismasi ikifika mguu umekua. Ila kabla ya kuvaa kigongeni mara mbili sakafuni, kwa sababu nge hupenda mahali penye giza na joto.

Mwamvuli uliolowa usiingie nao ndani. Kopo kubwa la rangi lililotobolewa chini, lenye changarawe kidogo, latosha miamvuli mitatu au minne. Na kando ya mlango, kigingi kimoja kiwe cha taa au tochi peke yake, mahali ambapo mkono utaifikia gizani bila kutafuta. Watu wote wa nyumba wapajue, hata mdogo kabisa. Bibi wa Mchikichini tochi yake ameifunga kwa kamba kwenye kigingi cha kwanza, na kamba yenyewe ni fupi. Yafika mlangoni, lakini haifiki chumbani kwa mtu.